Msafiri wa Rakaa Mbili

Mdomo wangu mkali, Gongoni nzima yajua, na sioni haja ya kuficha. Mamangu alikuwa akisema siku niliyozaliwa nililia kwa hasira, si kwa njaa. Basi nikikusimulia habari za Athumani Sanga, dereva wa lori la chumvi, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwapakulia wali, usishangae ukinisikia nikifoka katikati. Sanga hakuwa mkubwa wa mahali popote. Miaka thelathini na mmoja alipakia, akapakua, akasali, akala, akaenda zake. Lakini haipiti siku nisimshukuru Mungu kwa ajili yake, na sababu yenyewe ndefu kidogo.

Mimi ni Kahonzi. Kwenye chuo cha Kurani niliitwa Maimuna, ila jina hilo alilikumbuka mwalimu peke yake. Nina hoteli hapa Gongoni, kando ya barabara inayoingia kwenye mabwawa ya chumvi. Ukisikia hoteli usidhani ghorofa. Ni mabati yaliyoliwa na chumvi, meza nne, na jiko kwa nyuma. Nyuma ya jiko pana banda la makuti, nimetandika mikeka humo na kuweka pipa la maji na kata, madereva wapate kutawadha na kusali. Baina ya sufuria zangu na mikeka yao ni ukuta wa makuti tu, kwa hivyo kila takbira naisikia.

Na hapo ndipo ulipo ufundi wangu. Dereva aliyetoka Mombasa kaja kilomita mia na hamsini hivi. Huyo ni msafiri, na dini imempunguzia. Adhuhuri yake ni rakaa mbili badala ya nne, Alasiri mbili vilevile, tena ana ruhusa ya kuzisali pamoja, moja nyuma ya nyingine, kisha ashike njia. Magharibi na Alfajiri hazikatwi. Mwenyeji naye anasali nne zake, na Alasiri anaingoja wakati wake. Mimi nasimama na upawa mkononi, nahesabu. Wakifunga swala, nafunua sufuria. Wakitoa salamu ya Adhuhuri, napakua wali. Wakiwa kwenye rakaa ya mwisho ya Alasiri, namimina mchuzi, na wakitoka bandani sahani ziko mezani zinafuka moshi. Wenyeji napakua baadaye, kwa hesabu yao. Miaka kumi na mmoja sikuwahi kumpa mtu wali uliopoa. Wengine wana saa ya ukutani, mimi nina rakaa.

Kwa hesabu hiyo walaghai walikuwa hawanipiti. Kuna Mwambire, mwendesha bodaboda wa Malindi, alikuwa akimleta abiria kilomita thelathini tu. Siku moja akasali mbili mbili na madereva, akawahi meza akijifuta jasho kama katoka Sudani. Nikamtolea kichwa: "Ebo! Safari gani hiyo, Mwambire? Hata chapati uliyofungiwa kwenu haijapoa!" Watu wakacheka. Sanga ndiye aliyemshika bega, akamwambia taratibu, "Ndugu yangu, Malindi na Gongoni haifiki. Shurti mwendo wa kilomita themanini na zaidi. Rudi usali nne zako, chakula hakikukimbii." Mwambire akarudi. Mimi nilimfedhehesha, mwenzangu akamfundisha, ndio tofauti yetu hiyo.

Sanga alikuja kila Jumanne na kila Ijumaa. Mrefu, mwembamba, shati kalifunga vifungo mpaka shingoni, kofia yake ya kusalia kaiweka kwenye mfuko wa nailoni isiingie chumvi. Alikuwa na kikombe chake mwenyewe, na akimaliza kula aliosha sahani yake. Nilimkataza mara mia. "Mimi nalala peke yangu, Bi Kahonzi," alisema, "nikizoea kuoshewa hapa, kule nani ataniosha?" Kwao Mtongwe, ng'ambo ya feri. Alianza na miaka kumi na saba, utingo, akining'inia nyuma ya lori la mtu. Alioa, akapata binti mmoja. Mkewe alifariki yeye yu njiani na mzigo, na alipofika Mtongwe watu walikuwa wamesharudi makaburini, wamekaa mkekani. Hilo alinisimulia mara moja tu. Hakulia, alikunja kofia yake ikawa ndogo mkononi.

Haya aliniambia siku tisa alizokwama. Giaboksi ya lori lake ilivunjika papa hapa mbele ya hoteli, na mwenye lori akawa anapiga simu kutoka Mombasa: kipuri chaja leo, kipuri chaja kesho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilitafuta mwenyewe. Siku ya pili alikuwa juu ya paa langu anaziba matundu kwa lami, ya nne kanitengenezea mlango wa jiko uliokuwa ukilia kama mbuzi. Analala ndani ya lori, anakula kwangu, na kila Adhuhuri namsikia nyuma ya makuti: mbili, salamu.

Siku ya saba nikashindwa kujizuia. "Bwana Sanga, hebu nieleze. Wiki nzima uko hapa. Kuku wangu wamekuzoea. Msafiri gani wewe?"

Akacheka. "Mtu akinuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiitoa ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika pale pale, anatimiza nne. Lakini mimi sikunuia kukaa. Kila asubuhi naambiwa ni leo. Mtu wa leo-kesho kama mimi anaendelea kufupisha, mpaka siku kumi na nane."

"Na kwa nini usisali nne tu ukapata thawabu zaidi? Au uvivu?"

"Ile ni sadaka, Bi Kahonzi. Mola kawapa wasafiri. Ukipewa na Mola wako kisha ukamrudishia mkononi, umemwambia nini? Kwamba wewe humuhitaji?" Aliniangalia kidogo, kisha akaangalia paa alilolitengeneza, kwa sababu asubuhi ile tulikuwa tumegombana. Alikataa ujira, mimi nikakataa bure, na mwisho nikamtupia lesso mbili ampelekee bintiye. Sikuwa mtu wa kupokea. Kupokea kulinitia hofu.

Na hofu hiyo ilikuwa na jina lake. Niliolewa na Chengo, kijana wa hapa hapa, mchumba wangu tangu ujana. Alikwenda Mombasa kutafuta kazi. "Naenda mara moja, Kahonzi, wiki mbili." Alikuwa kavaa shati la kijani. Mwaka wa kwanza nilimpikia kila Ijumaa, huenda akatokea. Mwaka wa pili nikaacha. Mwaka wa nne nikapanda gari hadi Malindi kwa kadhi, nikafunguliwa kifungo cha ndoa. Watu walisema nenda Mombasa umtafute, nikasema siendi, mguu wangu hautamfuata mtu aliyesahau njia ya kwake. Nilirudi nikafungua hoteli, nikaapa kwamba mwanamume mwenye mguu wa barabarani hatalala kwangu tena.

Kipuri kilifika siku ya tisa. Fundi akakifunga, lori likanguruma, na Sanga akaja jikoni, lakini hakuvuka kizingiti. Alisimama nje ya mlango alioutengeneza mwenyewe. "Bi Kahonzi, mimi mtu mzima, na wewe mtu mzima. Sina maneno mengi. Nataka nije kwa wazee wako nikuombe."

Nimekwambia mdomo wangu ulivyo. Moyo ulinipasuka kwa furaha, Mungu ni shahidi. Lakini palikuwa na watu mezani wamenyamaza kutusikiliza, na ndani ya kichwa changu nikaliona shati la kijani likipanda gari. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani: "Mimi siolewi na mtu anayesali rakaa mbili kwangu!"

Hee! Watu walivyocheka! Neno hilo likatembea Gongoni kuliko upepo. Wapakia chumvi wakawa wanatupiana: "Wewe wacha, usinisalie rakaa mbili hapa." Sanga hakucheka, wala hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeelekezwa njia. "Nimekusikia," akasema. Akapanda lori lake akaenda.

Na Ijumaa akaja. Huo ndio wema wake uliokuwa ukinichoma. Angenuna ningepata la kumsema, angehama hoteli ningemtukana. Alikuja, akatoa salamu, akasali, akala, akaosha sahani. Miaka miwili mizima. Nami miaka miwili nilikuwa nikisimama na upawa, nikisikia ile salamu ya rakaa ya pili, na kila ikitoka najiambia, huyo, anakwenda zake. Akiwa yeye ndiye imamu, akimaliza huwaambia wenyeji walio nyuma yake, kama inavyotakiwa: "Timizeni swala zenu, sisi ni wasafiri." Sisi ni wasafiri! Lo, maneno hayo niliyachukia. Ulimi hauna mfupa, lakini ulinivunja mimi mwenyewe.

Jirani yangu ni Jedida. Ni mama wa kutoka bara, Murang'a, Mkristo wa kanisa la Jumapili asubuhi na mchana, anauza mboga na ana ploti ya vyumba sita vya kupangisha nyuma ya kibanda chake. Yeye swala zetu hazijui, ila kwa kunitazama amejifunza kuhesabu. Siku moja ya Jumanne tulikuwa tumekaa pamoja tukichambua mchicha. Sanga alichelewa kidogo, akaingia bandani wenzake wameshafunga swala. Nikatega sikio. Rakaa ya kwanza. Ya pili. Wakakaa. Sikusikia salamu. Wakainuka.

"Jedida," nikamwambia, "wameinuka."

"Wameinuka kwenda wapi?"

"Ya tatu! Sanga anasali ya tatu!" Nikaruka. Nikatoa kipande cha samaki changu nilichokuwa nimejiwekea, nikakitia sahani yake. Nikafuta meza yake mara mbili. Nikajifunga lesso upya. Alipotoka nikamwekea chakula kwa mikono miwili, nikakaa kitako mbele yake, mimi ambaye siketi na mteja. Akala. Akasema, "Mashallah, samaki mtamu leo." Akaosha sahani, akasema, "Haya, Bi Kahonzi, mpaka Ijumaa, inshallah."

"Mpaka Ijumaa vipi?" Nilisimama. "Kwani hukusali nne leo?"

Gona, fundi wetu wa uashi ambaye pia ndiye muadhini wetu, akaanza kuchekea kikombeni. Sanga akasema kwa upole, "Leo imamu alikuwa Gona, mwenyeji. Msafiri akimfuata imamu mwenyeji, hana budi kutimiza nne pamoja naye." Kisha akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. "Kumbe wanihesabia?"

Yarabi! Ningeweza kuingia kwenye pipa la maji ningeingia. Sheria ile naijua tangu chuoni, mtoto wa miaka tisa anaijua, na mimi niliisahau kwa tamaa. "Nahesabia wali wangu!" nikafoka, nikaingia jikoni nikagombana na maharagwe mpaka Magharibi. Usiku ule Jedida alinijia. "Mama, si umwambie tu unamtaka? Mdomo wa kukataa unao, wa kukubali umeuweka wapi?" Nikamfukuza. Lakini sikulala.

Zikapita wiki, na Ijumaa moja Sanga akasema, bila kupandisha sauti, kana kwamba anaomba chumvi, "Macho yangu yamechoka, Bi Kahonzi. Daktari kanikataza lori. Jumanne ijayo ni safari yangu ya mwisho, namleta dereva mpya nimwonyeshe njia. Binti yangu ameshanitayarishia chumba Mtongwe."

"Vizuri," nikasema. "Pumzika."

Vizuri! Pumzika! Ndiyo maneno niliyoyapata. Alipoondoka nilisimama nikiutazama ule mlango, haulii tena kwa sababu yake, na nikajua kwamba nimemfanya Chengo wa pili kwa mdomo wangu mwenyewe. Chengo alikwenda. Huyu nilimfukuza. Siku nne zile sikumsalimia mtu. Mandazi yaliungua. Jedida kila akinipita alikuwa akitabasamu, nikamwona hana huruma. Usiku wa kuamkia Jumanne nikasali, nikakata shauri: kesho, akimaliza kula, mbele ya wote walionisikia nikimkataa, nitamwambia asiende. Akicheka, na acheke. Akikataa, haki yake.

Jumanne nikaamka Alfajiri, nikakuna nazi tatu, nikachoma samaki wa kupaka. Mawazo yalikuwa mbali, nikajikata kidole kwenye mbuzi ya nazi. Adhuhuri karibu kuingia lori likafika, na anayeendesha alikuwa mtu mgeni, wa makamo, jina lake Ziro. "Shikamoo, mama," akaniamkia. "Marahaba," nikasema, na macho yangu yako kwa Sanga anayeshuka upande wa pili. Alivaa kanzu. Sikuwahi kumwona na kanzu siku ya kazi. Moyoni nikasema, amevaa ya kuagia.

Gona akaadhini, kisha akasema, "Bwana Sanga, leo siku yako ya mwisho. Tusalishe wewe." Wakajipanga nyuma yake: Ziro, madereva wengine wawili, Gona na wenyeji watatu, na Mwambire ambaye siku hizo alikuwa hasali mbili tena. Nami nikasimama mahali pangu na upawa wangu. Jedida akaja akakaa kwenye ndoo karibu nami, hakuitwa.

Akafunga swala. Rakaa ya kwanza. Nikafunua sufuria. Rakaa ya pili. Sijida ya mwisho, wakakaa. Nikapakua wali, sahani nne za wasafiri, kwa sababu sasa ni salamu, na baada ya salamu ni yale maneno, timizeni swala zenu, na baada ya hapo nina muda wa rakaa mbili za Alasiri tu kupanga nitakavyosema. Nikangoja salamu.

"Allahu Akbar," akasema Sanga, na nikasikia kanzu ikiinuka.

"Subhanallah!" akaita Gona kutoka nyuma. Ndivyo maamuma anavyomkumbusha imamu aliyekosea: kadhani Sanga amesahau kuwa ni msafiri, amepitiliza. Nikangoja Sanga arudi kukaa. Hakurudi. Alikuwa amesimama, anasoma yake.

Nikajiambia, usiwe mjinga, Kahonzi, umeshachekwa mara moja. Labda anamfuata mwenyeji. Lakini anamfuata nani? Imamu ni yeye!

Mchuzi ukaanza kushika chini, nikaunusa, sikuugusa. Akarukuu. Akasujudu. Akainuka rakaa ya nne. Jedida alikuwa kanishika mkono, na mimi machozi yananidondokea kwenye wali wa watu. Akakaa. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto.

"Bwana Sanga," Gona akasema, "umesahau. Wewe msafiri."

"Sikusahau."

Ziro na wale madereva wawili wakasimama. "Mzee, tusali na Alasiri?"

"Salini nyinyi, mna njia mbele yenu. Mimi Alasiri yangu haijaingia bado. Ikiingia nitaisali hapa hapa."

Alikuja mlangoni kwangu, akasimama pale pale aliposimama miaka miwili nyuma. Nyuma yake watu wamejaa, hakuna aliyekwenda mezani. "Bi Kahonzi, ulisema huolewi na mtu anayesali rakaa mbili kwako."

"Nilisema."

"Nimepanga chumba kwa Mama Jedida. Wiki nzima sasa vyombo vyangu vimo ndani. Sikutaka nikuombe tena nikiwa msafiri. Sasa mimi ni mkaazi wa Gongoni, ukinikubali na ukinikataa. Ukinikataa nitakula hapa kama wateja wengine, nitaosha sahani yangu, na nitasali nne. Sikuja kukulazimisha."

Nikamgeukia Jedida. "Wewe! Wiki nzima ulijua?"

"Mama, ningekwambia ungepiga kelele," akasema Jedida, na machozi yake pia yanamtoka.

Nilikuwa nimetunga maneno usiku mzima, na yote yaliniruka. Nikasema, "Wali umepoa."

"Nala uliopoa."

"Bwana Sanga, umeacha chumba cha binti yako. Umeacha kwenu. Mimi nitakulipa nini?"

"Usinilipe. Pokea tu."

Nilisimama pale na upawa wangu, mwanamke wa miaka arobaini na saba, na kweli nikahisi ugumu wa neno hilo dogo. Kisha nikalitoa. "Nimepokea," nikasema. "Alhamdulillahi, nimepokea. Wala usiende." Watu wakapiga makofi, Gona akapiga takbira, na wote wakala wali wa baridi na mchuzi ulioungua. Hakulalamika mtu ila Mwambire.

Tulifunga ndoa wiki mbili baadaye, msikitini kwetu, Gona shahidi, na Jedida akaleta viazi gunia zima. Sasa Sanga ndiye anayewasha makaa Alfajiri. Amewafundisha madereva wapya kufunga mzigo usimwagike, na sahani bado anaosha, nimechoka kumkataza. Mchana yeye na wenyeji husali nne zao nyuma ya makuti, nami nahesabu kama zamani. Ikifika ya tatu, kila siku, midomo yangu inasema asante peke yake.

Lakini sijakwambia la mwisho. Baada ya Idi bintiye alijifungua mtoto wa kiume, na alipomaliza arobaini yake tukapanda basi kwenda kumwona. Mimi Malindi ndio ulikuwa mwisho wa dunia yangu. Tulipita Kilifi, tukavuka daraja, nikamshika mkono kama mtoto, na Mombasa tukavuka feri. Tulifika Mtongwe, nyumba ile ile aliyozaliwa, ukuta ule ule. Tulikusudia kulala siku mbili tu. Adhuhuri ikaingia. Akasimama mbele, mimi na bintiye tukasimama nyuma yake.

Rakaa ya kwanza. Ya pili. Akakaa, nami nikakaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikatoa salamu ya Adhuhuri kwenye rakaa ya pili.

Bintiye alishangaa. "Baba, mbona mbili? Hapa si kwenu?"

Sanga akageuka. "Mtume mwenyewe alizaliwa Makka, na alipoirudia akiwa kwake ni Madina, alisali mbili. Kwetu sasa ni Gongoni, mwanangu." Kisha akamwambia maneno yale yale niliyokuwa nikiyachukia nyuma ya makuti, nikiyasikia huku nimeshika upawa, nikidhani ni ya kuniaga. "Timiza swala yako. Sisi ni wasafiri."

Binti akainuka kumaliza mbili zake. Mimi nilibaki nimekaa mkekani nyuma ya mume wangu, nalia, na mdomo wangu huu wote haukuwa na neno ila alhamdulillahi.